Tusihesabu Vitanda Pekee, Tuhesabu na Ngazi

Kila mwaka sisi wazazi wa Kabazi huuza maziwa, mahindi na viazi ili wana wetu waende vyuoni, hapo Njoro na hata Nairobi. Tufikapo mabwenini, huuliza habari za kodi, kitanda na maji. Nami nimeuliza hayo. Sijapata kumsikia mzazi akiuliza: Je, ngazi ni ngapi, nazo zashukia wapi?

Swali hilo si dogo. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya mauaji ya Garissa, mlipuko wa umeme ulisikika katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Wengi waliruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa, ilhali adui hakuwapo. Kwa maoni yangu, mtu haruki dirishani ikiwa anaiamini ngazi yake.

Wajenzi wa kale wana la kutufunza. Katika Chuo cha Merton, mjini Oxford, Uingereza, umo ua uitwao Mob Quad, uliozungukwa na majengo ya karne ya 13 na ya 14. Humo hamna ujia mrefu wenye milango mingi. Kila ngazi huhudumia vyumba vichache, na mlango wake hufunguka uani. Sidai kwamba waliojenga waliwaza moto au uvamizi. Hata hivyo, mkazi wa humo huwajua jirani zake, na safari yake ya kutoka nje ni fupi.

Linganisha na hosteli nyingi za kukodi zinazochipuka kando ya vyuo vyetu: ghorofa juu ya ghorofa, ngazi moja nyembamba, na pale palipostahili kuwa ua, vyumba zaidi. Mwenye jengo atasema kwamba ardhi ni ghali na kwamba ua haulipi kodi. Ni kweli. Lakini ua ndipo mahali pa kukimbilia.

Yafaa wakaguzi wa kaunti wasiidhinishe bweni lolote la ghorofa lenye ngazi moja. Nasi wazazi, kabla ya kulipa, tupande hadi chumba cha mwana wetu, tuzime taa, kisha tushuke kwa kupapasa. Tusipofika uani salama, turudi na fedha zetu. Tahadhari kabla ya hatari.