MAJI YAMENG'AA, LAKINI JE, NI SALAMA?



Huenda una mtoto au ndugu anayefanya kazi Kariakoo, Dar es Salaam. Ukienda kumtembelea utakaribishwa maji ya kunywa. Je, umewahi kuuliza maji hayo yametoka wapi?

Mimi sikuuliza. Nilifika kwa shemeji yangu wakati wa masika. Anakaa bondeni mwa mto Msimbazi, si mbali na soko. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Shemeji alichota maji ya kisima kifupi. Akayakoroga kwa jiwe la shabu, akayaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi yaling'aa kama kioo. Nilikunywa vikombe viwili, nikamsifu. Siku ya pili niliharisha mpaka nikashindwa kusimama. Mimi nilipona upesi. Mtoto wa jirani, aliyekunywa maji ya kisima kile kile, alilazwa siku tano.

Shemeji hakufanya uzembe. Alifanya alivyofundishwa na mama yake. Watu wengi hudhani kwamba shabu huua vijidudu. Tuielewe kazi yake. Maji machafu yana chembe ndogo sana za udongo zinazoelea. Shabu huzishikanisha chembe hizo. Zikiwa kubwa na nzito, huzama chini ya ndoo. Vijidudu vingine huzama pamoja nazo. Vingine hubaki ndani ya maji, navyo ni vidogo mno, macho hayavioni. Unga wa mbegu za mlonge, unaotumiwa katika vijiji vingi, hufanya kazi kama hiyo hiyo. Husafisha sura ya maji.

Sasa tuutazame mto wenyewe. Msimbazi unatoka upande wa vilima vya Pugu. Unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi penye daraja la Selander. Bondeni watu wamebanana, na wengi hutumia vyoo vya shimo. Maji ya ardhini hayako mbali. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotoboa vyoo vyao ili uchafu uchukuliwe na maji. Wenyewe huita kutapisha choo. Uchafu huo huenda wapi? Huenda kwenye kisima cha jirani.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mjini Dar es Salaam. Hayo yalionekana na kila mtu. Kipindupindu huja kimya kimya. Mwezi Agosti 2015 kilianza Kinondoni, kikaenea mikoani. Kufika katikati ya mwaka 2016, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua nchini. Mabasi yanayopeleka vitenge na sufuria kijijini hupeleka na ugonjwa.

Maoni yangu ni haya. Anayetegemea shabu ahamie klorini. Sisemi aitupe shabu. Itangulie shabu, ifuate klorini. Utaratibu huu una sababu. Klorini ikikuta matope, nguvu yake huishia kwenye matope, na vijidudu husalimika. Kwa hiyo yaache maji yatulie. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, uyatie katika chombo safi. Ndipo utie klorini.

Klorini huuzwa katika maduka ya dawa, ya vidonge au ya maji. Hapa ndipo kusoma kwetu kunapotufaa. Vidonge havilingani nguvu. Kimoja ni cha lita 20, kingine ni cha lita chache tu. Soma maandishi ya pakiti, ukitazama na tarehe ya mwisho wa kutumia. Koroga, funika, subiri dakika 30. Usikisie kwa jicho. Usiiweke juani, maana jua huimaliza nguvu. Usitumie dawa ya kufulia yenye manukato. Weka pakiti mbali na watoto.

Mtu atauliza, je, kuchemsha si bora? Kuchemsha ni kuzuri sana. Maji yakitokota, vijidudu hufa, hata vile vichache ambavyo klorini haiviwezi. Mwenye kuni za kutosha aendelee. Lakini mpangaji wa Kariakoo hununua mkaa kwa kipimo, na mkaa huo ndio wa ugali. Tena maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Mtoto akichovya kikombe kwa mkono mchafu, yamechafuka upya. Klorini hubaki ndani ya maji ikilinda kwa muda. Hata hivyo, chota kwa kata yenye mpini mrefu.

Tusiipe klorini sifa isizokuwa nazo. Haiondoi chumvi, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Haiondoi sumu ya viwandani wala mafuta. Maji yanayonuka mafuta usinywe, hata ukitia pakiti nzima.

Kuna maneno pia kwamba dawa hii huzuia uzazi. Jambo hili husemwa na watu wazima, tena kwa kunong'ona. Si kweli. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kutia klorini katika maji ya wananchi wake mwaka 1908. Wajukuu na vitukuu wao wapo. Hata maji ya bomba ya Dar es Salaam hutiwa klorini kabla ya kuletwa mjini.

Shemeji yangu alilalamika juu ya harufu. Nilimwambia aache ndoo wazi kidogo, kisha ahamishe maji kutoka chombo safi kimoja kwenda kingine. Harufu hupungua. Wiki ya kwanza watoto walikunja uso. Wiki ya tatu aliniletea habari kwamba mtoto wake mdogo, akipewa maji yasiyo na harufu ile, huuliza kama yametiwa dawa.