Fundi wa Umeme Aitwe Darasani

Nguzo za umeme zimekwisha kufika Ulemo, wilayani Iramba mkoani Singida, kama zilivyofika, kwa hesabu ya serikali, katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi iliyosalia mikononi mwa Wakala wa Nishati Vijijini, ambao wengi wetu tunauita REA, ni ya kuvifikia vitongoji, navyo jumla yake ni 64,359. Hiyo ni kazi adhimu, wala sina nia ya kuipunguzia sifa yake. Lakini nguzo ni mali ya shirika la umeme, na waya ushukao kutoka nguzoni hadi kwenye mita ya Luku nao ni wa shirika. Kuanzia mita kwenda ndani, kwenye swichi na soketi na fyuzi na waya wa ardhi, mwenye nyumba huachiwa Mungu wake na fundi aliyempata, na aghalabu aliyempata ni yule tuliyezoea kumwita kishoka, mtu asiye na cheti wala leseni, mwenye bisibisi mfukoni na ujasiri usio na mpaka.

Sipendi kumlaani kishoka. Yeye ni zao la uhaba. Sheria yetu yataka nyumba ifungwe umeme na fundi aliyepewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ni sheria njema; ila mafundi wenye leseni aghalabu huishi mjini, ambako kazi ni nyingi na malipo ni ya haraka, na mkulima wa alizeti ambaye shirika lilimwunganishia umeme kwa shilingi 27,000 hana jinsi ya kulipa mara nyingi zaidi ya hizo, pamoja na nauli, ili fundi apande basi kumfuata. Maadamu hali ni hiyo, marufuku peke yake haitatuondolea kishoka. Atakayemwondoa ni kijana wa hapo hapo aliyefunzwa vema.

Hapo ndipo ninapoigeukia shule ya sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali, yaani ya ufundi na kazi za mikono, na tangu Januari 2024 zimo shule ambazo watoto wa kidato cha kwanza walianza kusoma amali, ufundi wa umeme ukiwa mojawapo. Hao wa mwanzo ndio watarajiwao kumaliza kidato cha nne mwaka 2027. Fikra hiyo si ngeni kwetu. Ifunda na Moshi zilikuwa shule za ufundi tangu zama za mkoloni, na katika miaka ya 1970 sekondari nyingi zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, kila moja kwa matumaini makubwa. Tunajua yaliyofuata: vifaa vilichakaa visibadilishwe, walimu walistaafu wasipatiwe warithi, na somo la mikono likahamia ubaoni, hata mwanafunzi akaweza kuchora sakiti ya taa mbili na swichi moja bila ya kuwahi kushika waya.

Nahofu kuwa amali itapita njia ile ile tukimtafuta mwalimu wa umeme mahali pasipokuwa na umeme, yaani katika vyeti. Nami nasema bayana kwamba katika kata kama Ulemo mwalimu wa kwanza wa somo hili sharti awe fundi mwenye leseni, aliye kazini hata leo, anayelipwa na halmashauri kwa saa zake, ijapokuwa hakukanyaga chuo cha ualimu.

Mchukue mtu anayefunga nyumba ya vyumba vitatu mwezi wa Februari, mvua zikiwa hazijakoma. Anapigilia fimbo ya shaba kando ya ukuta, nayo inazama kwa nyundo chache kwa kuwa udongo umelowa. Anafunga waya wake, anajaribu taa, taa inawaka, anapokea ujira na kwenda zake, na wote waliohudhuria wameridhika. Ifikapo Septemba udongo ule uliokuwa laini umekauka ukawa kama tofali, na udongo mkavu haupitishi umeme ila kwa taabu kubwa, basi ile fimbo imekuwa pambo. Taa zingali zinawaka, wala hapana dalili ya kasoro, hadi siku ile jokofu litakapovujisha umeme kwenye bati lake na mtoto aliye miguu mitupu akaligusa: volti 230 zilizotakiwa kushuka ardhini na kukata fyuzi zinampata yeye kuwa njia. Fundi anayeijua ardhi ya Singida hushindilia fimbo mpaka afikie udongo wenye unyevu, akikuta mwamba huongeza fimbo nyingine na kuziunganisha, huweka mkaa na chumvi kuhifadhi unyevu, kisha hupima, na akiweza hurudi kiangazi kupima tena. Fauka ya hayo humsihi mwenye nyumba anunue kikata umeme kinachoshtuka mara umeme unapovuja miliampea 30. Kitabu kilichoandikwa kwa nchi nzima hakiwezi kumwambia kijana mwamba uko wapi nyuma ya shule yake.

Vivyo hivyo kwa mota, na hapa Iramba mota ndiyo riziki: mashine za kukamulia alizeti, za kusaga na kukoboa, na makarasha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Sekenke na Shelui. Mota ya namna hiyo, inapoanza kuzunguka, huweza kuvuta mkondo ulio mara tano hata saba ya ule inaoutumia ikiisha kushika mwendo, na katika umeme wa njia tatu njia moja ikikatika mota hunguruma, hupata moto na kuunguza koili zake, isipokuwa kinga yake imepangwa sawasawa. Kishoka huifunga kinga hiyo kwa kipande cha waya ili isisumbue. Mwenye mashine husifu kazi kwa wiki kadhaa, halafu huipakia mota kwenye lori kwenda kusukwa upya mjini, katikati ya msimu.

Nitajibiwa kuwa fundi hajui kufundisha. Huenda, lakini awekwe pamoja na mwalimu wa fizikia, huyu aeleze kwa nini na yule aonyeshe namna, nao VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ambao tayari wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini, wamjaribu kabla hajakabidhiwa watoto. Nitajibiwa pia kuwa umeme si mchezo wa watoto wa miaka kumi na minne, na hoja hiyo naikubali yote: miaka miwili ya mwanzo mwanagenzi asiguse waya wenye umeme hata mmoja, afunge na kufungua ubao usiounganishwa popote hadi mikono yake iwe na adabu. Ama wazazi wanaodhani amali ni jalala la walioshindwa hesabu, sina la kuwaambia zaidi ya kwamba kukokotoa unene wa waya wa mota ni hesabu.

Lipo jambo moja ambalo wizara na EWURA hawana budi kulipatana kabla ya 2027, nalo ni njia ya leseni. Kijana atakayemaliza kidato cha nne akiwa na ufundi wa umeme, kisha akahudumu muda uliowekwa chini ya fundi mwenye leseni, apewe leseni ya daraja la chini, ya nyumba za kawaida, bila ya kusafirishwa huku na huku. Vinginevyo tutakuwa tumezalisha vishoka wenye elimu. Na kwa kuwa mega ya kupimia waya na kipimo cha ardhi ni ghali kwa kijana mmoja, halmashauri ya Iramba inayo fedha ambayo sheria yaitaka itenge kila mwaka, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani, kwa mikopo ya vikundi vya vijana: kikundi cha kwanza cha wahitimu wa umeme kikopeshwe vipimo hivyo, na mkopo wao ulipwe kwa kupima upya, kiangazi, nyumba zote za Ulemo zilizofungwa wakati wa mvua.