Kigawe na Kigawo: Irabu Moja katika Istilahi za Hisabati

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, istilahi za hisabati zimelaumiwa kwamba ni ngumu kuliko somo lenyewe. Miongoni mwazo ni Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS). Inadaiwa kuwa tofauti ya irabu moja humchanganya mtoto.

Dai hili halina uzito. Irabu hiyo ndiyo inayobeba maana. Kiishio -e hutaja kinachotendwa: kiumbe ameumbwa, mtume ametumwa, mteule ameteuliwa. Kiishio -o aghalabu hutaja cha kutendea, kama kizibo na kifuniko. Basi kigawo hugawa na kigawe hugawanywa: 36 ni kigawe cha 12, na 12 ni kigawo cha 36.

Mkanganyiko hasa unatokana na kivumishi. Mwanafunzi anayetafuta KDS ya 12 na 18 huzichambua kwa namba tasa: 12 ni 2×2×3, na 18 ni 2×3×3. Namba inayogawanyika kwa zote mbili haina budi kuwa na 2 mara mbili na 3 mara mbili, yaani 36. KKS yake ni 6 tu. Kidogo kimekuwa kikubwa, na kikubwa kidogo! Aliyekariri vifupisho, akaandika 6 panapotakiwa 36, huhukumiwa kuwa hajui hesabu, ilhali alichonyimwa ni maelezo ya lugha.

Maelezo yenyewe si marefu. Vigawe vya shirika vya namba hizo ni 36, 72, 108 na kuendelea bila kikomo. Kilicho kikubwa kuliko vyote hakipo, ndiyo maana hutafutwa kidogo. Vigawo vya shirika ni 1, 2, 3 na 6. Kidogo daima ni 1, wala hakihitaji kutafutwa.

Neno linalostahili lawama kidogo ni “shirika”, ambalo mtoto wa leo hulijua zaidi kwa maana ya taasisi (na pengine ya umeme au ya reli). Hata hivyo kitenzi “kushiriki” kingali hai, na mwalimu anaweza kuanzia hapo. Vitabu navyo vingeiandika istilahi kwa urefu mara ya kwanza, “kigawe cha shirika kilicho kidogo kuliko vyote”, kabla ya kuifupisha kuwa herufi tatu.