Kijana Aliyeacha Bangi Asitengwe

Ndugu msomaji wa Chemba, kijana wako akiacha bangi au gongo usidhani kazi imekwisha. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, huwatibu walioathirika, lakini akirudi Farkwa au Kwa Mtoro huwakuta wenzake wale wale chini ya mti ule ule. Sisi wazee tunajua kukaripia tu. Anayemwelewa ni mwenzake aliyekwisha kuacha. Huko Zanzibar walioacha huishi pamoja katika nyumba za upataji nafuu, wakisaidiana. Basi tuwape vijana hawa shamba la alizeti walime pamoja, na jioni moja kila wiki wazungumze bila mzee kuwasikiliza. Akiteleza mmoja, wenzake wamfuate nyumbani. Ila mnywaji wa siku nyingi akiacha ghafla, akatetemeka au kuanguka kama mwenye kifafa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.