Mbwa Mlinzi Anapozeeka

NASAHA ZA JUMA
Na Abdalla Mwinyihaji

Apitaye Mowlem alfajiri, kabla matatu hazijaanza kugombea abiria wa kwenda mjini, yamkini atamwona mbwa mzee kando ya lango la ua akitaka kuinuka na asiweze mara moja. Atatanguliza miguu ya mbele, atavuta kiuno, atarudi chini, kisha atasimama kwa taabu na kwenda akichechemea mpaka viungo vyake vipate joto. Watu humpita wakisema kwamba amezeeka tu, kana kwamba uzee wenyewe ndio maradhi, ilhali maradhi yake yajulikana: ni baridi yabisi, na sababu yake aghalabu ni kulika kwa gegedu, ule mfuniko mwororo wa ncha za mifupa, hata mfupa ukasugua mfupa mwenzake, kiungo kikavimba, na mnyama akawa anauogopa mguu wake mwenyewe. Baridi ya Julai, tuijuayo sote tunaoishi Nairobi, huzidisha taabu hiyo.

Wako wafundishao kwamba maumivu hayo yaweza kupunguzwa kwa vidole, pasipo sindano wala kidonge, kwa kubonyeza nukta maalumu za mwili wa mbwa kwa mujibu wa tiba ya kale ya Wachina. Tiba hiyo ni ndugu ya ile ya kudunga sindano, ambayo madaktari wa mifugo waliiundia chama cha kimataifa huko Marekani mwaka 1974. Kwetu sisi kukanda si jambo geni. Mzazi hukandwa, mtoto mchanga hukandwa, na aliyeteguka mguu hupelekwa kwa mkandaji kabla hajafikiriwa kupelekwa hospitali. Lililo geni ni mkono huo kumfikia mbwa.

Najua kwamba baadhi ya ndugu zangu Waislamu watasita hapa, kwa kuwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wetu wa pwani, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Lakini najisi ina tohara yake, nayo imekwisha kuelezwa na wanazuoni kwa maji na udongo. Dhuluma kwa kiumbe asiye na ulimi wa kujitetea haioshwi hivyo. Na hadithi mashuhuri yatupa habari za mtu aliyeghufiriwa dhambi zake kwa sababu alimnywesha mbwa aliyekuwa na kiu.

Basi namna ya kazi yenyewe ni hii. Mbwa alazwe mahali pakavu, penye utulivu, ubavu wake usiouma ukiwa chini. Mkono mtupu upitishwe polepole kutoka bega mpaka nyonga, ukifuata pande mbili za uti wa mgongo, mara kadhaa, mpaka pumzi zake zishuke. Ndipo kidole gumba kitafute kibonde kilicho katikati ya mgongo, pale kiuno kinapokutana na nyonga, kibonyeze kwa upole muda wa nusu dakika hivi, kisha kiende kwenye mguu wa nyuma, upande wa nje, chini kidogo ya goti, penye nukta ambayo Wachina huitumia kwa wanadamu pia. Mwisho, kidole gumba na cha shahada vibane kwa wepesi ule uwazi ulio mbele ya mshipa mkubwa wa kisigino, kimoja ndani na kimoja nje. Mbwa akigeuza kichwa ghafla, akivuta mguu au akiguna, mkono uondoke. Hiyo ndiyo lugha yake, na asiyeisikiliza asijisumbue kuanza. Kiungo kilichovimba na kuwa moto hakiguswi, wala jeraha, wala uvimbe usiojulikana asili yake, wala mbwa mwenye homa au mwenye mimba.

Je, yafaa? Insafu yanilazimu kusema kwamba ushahidi ni haba. Mwaka 2006 wataalamu waliokusanya majaribio ya tiba ya sindano kwa wanyama walikuta kwamba hayatoshi kuipendekeza wala kuikataa, na hii ya vidole imechunguzwa kidogo zaidi. Liko pia jambo jingine la kutuzindua: katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, mbwa 58 wenye baridi yabisi walipewa dawa isiyo dawa, nao wenyewe wenye mbwa wakaona nafuu takriban mara nne katika kila kumi, ilhali mitambo iliyopima uzito uliowekwa juu ya mguu haikuthibitisha nafuu hiyo. Mapenzi yetu hutudanganya macho. Hata hivyo mimi naipenda tiba hii, na naipenda kwa sababu ambayo haimo katika vitabu vya Wachina: mtu anayempapasa mbwa wake kila jioni atagundua kiungo kilichoanza kuvimba, msuli uliosinyaa, na mahali panapouma leo ambapo hapakuuma jana, mapema kuliko yule amtupiaye ugali kwa mbali na kwenda zake.

Lakini kidole hakiwezi kushindana na saruji. Mbwa alalaye juu ya sakafu baridi, amefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, hataponywa na nukta yoyote. Apewe kwanza gunia kavu au mkeka, na afunguliwe atembee kidogo kidogo. Asinenepeshwe, maana ni katika mbwa 48 wa aina ya Labrador waliofuatwa maisha yao yote ndipo ilipodhihirika, mwaka 2002, kwamba waliopunguziwa chakula kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na baridi yabisi ikachelewa kuwapata. Na nawasihi wasomaji, kwa kila lililo la heshima kwao, wasimpe mbwa Panadol, wala Brufen, wala diclofenac iliyobaki kabatini baada ya mgongo wa baba kupona. Dawa hizo humtoboa tumbo, humharibia figo na ini, na huigeuza damu yake isiweze kubeba hewa. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nazo hutolewa na daktari wa mifugo kwa kipimo cha uzito wake.

Hapo ndipo penye uzito kwa mtu wa Mowlem. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na chama cha kuwahurumia wanyama, KSPCA, kilichoasisiwa mwaka 1910, kiko Karen. Kote ni upande wa pili wa mji, na makanga gani atamkubali mbwa mgonjwa ndani ya matatu? Hata hivyo, sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, humhesabu kuwa mkosaji hata yule amsababishiaye mnyama mateso yasiyo ya lazima kwa kuacha kutenda. Katika nyua zetu zenye lango, wakazi huchanga kila mwezi kwa ajili ya mlinzi na taa, ilhali mbwa alindaye milango yote ana mwenyewe mmoja, au hana kabisa. Naomba kamati za wakazi ziongeze katika daftari la mchango huo fungu dogo la daktari wa mifugo, aje mtaani japo mara mbili kwa mwaka, awatazame mbwa wa ua mzima kwa siku moja, na awafundishe walinzi wa usiku pa kuweka vidole.