Kujikubali Ni Kazi Yetu Sote

Ni jambo jema kwamba wanafunzi wa vyuo vyetu hukusanyika kuhimizana kila mtu ajikubali alivyo na amheshimu mwenzake aliye tofauti naye. Mikutano ya namna hii hufanywa kwa nyakati mbalimbali, lakini siku inayoifaa kuliko zote ni tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya kukuza uelewa juu ya ualbino. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiweka siku hiyo kwa azimio la tarehe 18 Desemba, 2014, na mwaka uliofuata ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Twawapongeza vijana kwa kazi hiyo. Lakini pongezi peke yake hazitoshi. Yatupasa tuseme pia nini kitoke katika mikutano hiyo, isije ikawa ni siku ya kuvaa fulana mpya, kusikiliza hotuba, kupiga picha na kila mtu kwenda zake.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili halikuwa mchezo. Lilikuwa jambo la kufa na kupona. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, watu wasiopungua 75 wenye ualbino waliuawa nchini katika miaka 15 ya mwanzo ya karne hii, na wengine wakakatwa viungo wakaachwa na vilema vya maisha. Waliwindwa kwa sababu ya uongo wa wapiga ramli, waliowaambia watu wenye tamaa kwamba kiungo cha mwanadamu huleta madini, samaki au kura. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli hao. Vijana wengi walioingia vyuoni miaka hii walikuwa watoto wadogo wakati ule. Baadhi ya wenye ualbino walikulia katika mabweni ya shule, kama ile ya Buhangija mkoani Shinyanga, walikopelekwa wapate kuwa salama. Mtoto aliyelala miaka mingi nyuma ya ukuta, mbali na mama yake, kwa kosa la kuzaliwa na ngozi nyeupe, akifika chuoni leo na kuambiwa “jikubali,” ana haki ya kutuuliza: “Na ninyi je, mmenikubali?”

Swali hilo ndilo kiini cha maneno yetu ya leo. Watu wengi hudhani kwamba kujikubali ni shughuli ya yule aliye tofauti peke yake. Aketi, ajifunze kujipenda, asijali yasemwayo. Sisi twaona kwamba huko ni kumtwika mzigo mtu asiyeufunga. Hakuna mtoto aliyezaliwa akijichukia. Chuki hiyo alifundishwa, na waliomfundisha ni sisi: jirani aliyetema mate alipompita, abiria aliyekataa kuketi karibu naye, mwanafunzi mwenzake aliyemwita “dili” akacheka. Neno hilo “dili” lilitokana na biashara ile ile ya damu. Maana yake ni kwamba huyu mtu ni mali ya kuuzwa. Anayelitamka kwa mzaha huenda hana nia ya kuua, lakini amekubali kusema lugha ya wauaji.

Dawa ya kwanza ya dharau ni elimu, na kama elimu haipatikani chuoni, basi haipatikani popote. Ualbino si laana, si mzimu, wala si ushahidi kwamba mama alitembea na Mzungu. Ni urithi. Baba na mama, wote wawili wakiwa na ngozi nyeusi kabisa, huweza kuwa wamebeba asili hiyo mwilini bila kujua, na wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Baba anayemfukuza mkewe kwa ajili hiyo anamwadhibu mwenzake kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alichangia nusu yake. Mtoto huyo hukosa rangi ya asili iitwayo melanini, ambayo hulinda ngozi dhidi ya jua na husaidia macho kukua sawasawa. Kwa hiyo jua humchoma upesi na humletea saratani ya ngozi, na macho yake huona kwa shida hata akivaa miwani. Hayo mawili, jua na macho, ndiyo matatizo yake ya kweli. Yaliyobaki yote tumeyatengeneza sisi.

Sasa tutazame upande wa pili wa bweni hilo hilo. Yuko binti mwingine aliyezaliwa na ngozi nyeusi, laini na yenye afya, naye usiku hujipaka mkorogo ili awe mweupe. Dawa hizo aghalabu huwa na haidrokwinoni, au dawa kali za hospitali ambazo hazikukusudiwa kupakwa kila siku, au zebaki. Zebaki hudhuru figo. Dawa hizo kali huifanya ngozi kuwa nyembamba, hata kidonda kidogo kikachelewa kupona. Kwa ajili hiyo mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 yalianza kwa kuweka mpaka wa zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 yakakubaliana kuiondoa kabisa ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo mkorogo ungali unauzwa vichochoroni, na wanunuzi hawakosekani.

Tulifikirie jambo hili vizuri. Katika chumba kimoja, mmoja anachekwa kwa sababu ni mweupe, na mwenzake anajichubua ili asionekane mweusi. Ikiwa weupe ni aibu, kwa nini huyu anaununua? Ikiwa weusi ni aibu, kwa nini yule anachekwa kwa kuukosa? Ni dhahiri kwamba ugomvi wetu hauko na rangi yoyote. Tumejizoeza kumtazama mtu na kutafuta kasoro, na mwenye tabia hiyo hakosi kuiona, hata mbele ya kioo. Kwa hiyo wasichana hao wawili, ambao kwa macho wanaonekana kuwa mbali kama mashariki na magharibi, wanaugua ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo wameuambukizwa na watu wengine.

Mizizi yake ni ya zamani. Wazee wetu waliishi chini ya utawala uliowapanga watu kwa ngozi, Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Hata kura za kwanza za Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1958 na 1959, zilipigwa kwa utaratibu wa kura tatu, yaani kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Utaratibu huo umekwisha kuzikwa, lakini ngazi ile ya rangi imebaki vichwani. Binti anayenunua mkorogo anadhani anapanda ngazi. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na hakuna kwao kulikokaribia mtu kuliko ngozi yake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba dawa ya mambo haya ni amri. Amri inafaa kwa muuzaji wa sumu na kwa muuaji, nasi twataka sheria iwe kali juu yao. Lakini moyo wa mtu haugeuzwi kwa amri. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari, 1969, nguo fupi mno, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua vingepigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Kabla ya siku hiyo kufika, wasichana walikwisha kusumbuliwa na makundi ya vijana Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Zaidi ya nusu karne imepita, na dawa za kujichubua zingali nasi. Fundisho lake ni wazi. Binti anayeichukia ngozi yake hawezi kuipenda kwa sababu ametukanwa barabarani. Akitukanwa, ataichukia zaidi.

Wengine watasema kwamba maneno haya ya kujikubali ni ya kuletwa, na kwamba chuo ni mahali pa kusoma, si mahali pa kubembelezana. Twawajibu kwamba hakuna kilicho chetu zaidi kuliko utu. “Hujafa hujaumbika” ni methali ya bibi zetu, nayo hutuonya kwamba anayecheka umbo la mwenzake hajui kesho yake. Na kuhusu masomo, hapo ndipo penye hoja yenyewe. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Katika darasa la watu wachache mwalimu humjua kila mmoja, na asiyeona ubao husogea mbele. Leo ukumbi mmoja huweza kuwa na mamia. Mwanafunzi mwenye ualbino akikaa nyuma, haoni kitu, akiomba nafasi ya mbele, wengine humwona ana maringo, akinyamaza, hufeli. Kisha watu husema hana akili.

Kwa hiyo twavishauri vyuo vyetu kwamba mikutano ya kujikubali iambatane na vitendo. Viti vya mbele vitengwe kwa wenye uoni hafifu, na ijulikane kuwa ni haki yao, si upendeleo. Karatasi za mitihani zichapwe kwa maandishi makubwa. Watahiniwa wenye uoni hafifu hupata karatasi za namna hiyo katika mitihani ya taifa ya shule. Itakuwa ajabu kijana apate haki akiwa sekondari na kuikosa akiwa chuo kikuu. Masomo ya nje na michezo yapangwe asubuhi mapema au jioni. Zahanati za vyuo ziwe na mafuta ya kuzuia jua. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, yametengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu hawa, na hilo ni ushahidi kwamba jambo hili haliko nje ya uwezo wetu. Zahanati hizo hizo ziwapokee bila kuwafokea wasichana na wavulana walioharibiwa na mkorogo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi. Yawapasa wakuu wa vyuo wahakikishe kwamba haibaki kabatini.

Faida yake ni ya taifa zima. Mwaka 2008 Mheshimiwa Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa Mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Mheshimiwa Salum Barwany kwa kura zao. Dokta Abdallah Possi alikuwa mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa Naibu Waziri mwaka 2015, na baadaye akawa Balozi wetu nchini Ujerumani. Wote watatu ni watu wenye ualbino. Hawakufika huko kwa huruma. Walifika kwa sababu mahali fulani, siku fulani, mlango haukufungwa usoni mwao. Ni wangapi waliofungiwa?

Ndugu wanafunzi, endeleeni na mikutano yenu. Lakini kila mmoja wenu akitoka ukumbini ajiulize maswali matatu: ni jina gani sitalitamka tena, ni nani nitampisha kiti cha mbele kesho, na ni mwenzangu gani ninayemsifu kila anapokuwa mweupe zaidi? Mwenye kuyajibu hayo kwa vitendo amefanya kazi kubwa. Mwenzake hatahitaji tena kuambiwa ajikubali, kwani atakuwa amekwisha kukubaliwa.