Dhahabu si yako, sumu ni yako

Wadau, leo tuongelee jambo ambalo madalali wa nyumba huku kwetu hawapendi kuulizwa.

Ukizunguka Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa au upande wa Kahama ukitafuta nyumba ya kununua, utaonyeshwa vyumba, bati, umeme na kisima. Ukifika uani unaweza kukuta karo la saruji, au msingi wa zege uliowahi kubeba karasha. Dalali atakwambia, "Hilo utabomoa tu," au "Utalifanya la kufulia." Hapo ndipo ninapogoma.

Kuna vitu vilivyojengewa kwenye nyumba ambavyo ni kero ya kawaida tu. Sebule iliyokuwa baa bado ina kaunta ya zege. Chumba cha mbele kilikuwa duka na dirisha lake la nondo bado lipo. Hayo ni mambo ya nyundo na fundi: piga hesabu ya kubomoa na kuzoa kifusi, ipunguze kwenye bei, mmalizane.

Karo la dhahabu ni jambo jingine kabisa. Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu ili zishikane, kisha huichoma, zebaki ipae kama mvuke na dhahabu ibaki. Lakini si zebaki yote inayopaa. Nyingine hubaki kwenye marudio, kwenye nyufa za karo na kwenye udongo wa pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa UNIDO ulipima pale Rwamgasa na kukuta zebaki kwenye marudio. Na zebaki haiozi! Inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Halafu mtu anakwambia ufulie nepi humo?

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inapotaja ardhi, inahesabu udongo, majengo na vitu vilivyojengewa moja kwa moja. Inayoyatoa ni madini na mafuta. Yaani dhahabu iliyoko chini ya nyumba yako si yako, lakini karo lenye sumu umeuziwa pamoja na nyumba. Muuzaji kaondoka na dhahabu, wewe umebaki na zebaki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unataka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi ziweke hatua za kukomesha uchomaji wa zebaki kwenye makazi ya watu. Ni jambo jema, ila linahusu atakayechoma kesho. Nani anashughulika na uani palipochomwa miaka kumi iliyopita?

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kuandikishana, waulize majirani, maana dalali ana haraka ya chake. Mkataba wa mauziano useme wazi ni kazi gani ilifanyika uani. Kama ni uchenjuaji, muuzaji aondoe karo na udongo wake kabla ya malipo ya mwisho, kwa maelekezo ya watu wa mazingira wa halmashauri. Usivunje mwenyewe ukafukia kwenye bustani ya mchicha. Na mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri mpaka kipengele hicho kiwepo.

Najua wapo watakaosema namwonea mchimbaji, kwamba naye alikuwa anatafuta riziki. Sawa. Lakini riziki ile aliipata yeye. Asipolipa gharama ya kusafisha, italipwa na mtoto anayechezea udongo pale uani, ambaye hakuwahi kuona hata punje ya dhahabu yenyewe.

Au nyie mnaonaje?